Ungekuwa mshauri wa Rais na muswada uko mezani: asaini au aurudishe? (Mjukuu wangu ana mdahalo Jumamosi)

#1 MzeeDokezo (Ujiji)

Wakuu, habari za usiku. Umeme umekatika huku tangu magharibi, naandika kwa simu. Mkikuta herufi zimerukana mnisamehe.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tano Tabora. Jumamosi wana mdahalo, na mwalimu wao ameachana na zile mada zetu za mkulima na daktari nani bora. Kawagawia karatasi yenye muswada wa kubuni, kauita Muswada wa Usalama wa Vyombo vya Uvuvi. Kila mwenye kipe (chombo cha kuvulia dagaa) au mtumbwi afunge kifaa cha kuonyesha chombo kilipo. Kila mvuvi awe na jaketi okozi. Asiyetii, faini au kifungo miezi sita. Na ofisa uvuvi anaweza kukamata bila hati. Wavuvi wanaupinga, wajane wa watu waliozama ziwani wanautaka. Chini kabisa ameandika: "Bunge limepitisha. Wewe ni mshauri wa Rais. Una ukurasa mmoja. Asaini au asisaini?"

Kijana kanipigia, "Babu, si ulikuwa serikalini?" Nilikuwa, miaka 29, na karibu yote nilikuwa naandika madokezo, yale maelezo ya ndani ya ofisi ya kumshauri mkubwa. Ikulu sikufika hata getini. Juu kabisa niliishia kwa Katibu Mkuu wa wizara, na dokezo langu moja la kurasa nne lilinirudia limeandikwa kwa wino mwekundu neno moja: "Kwa hiyo?" Nililiweka ndani ya droo mpaka nastaafu.

Nitaweka ninachokijua, nanyi mnirekebishe.

Wengi wanadhani mshauri anaulizwa kama muswada ni mzuri au mbaya. Hilo wabunge wameshalimaliza, na posho wamechukua. Yeye anaulizwa: ukisaini, kesho yake kunatokea nini, na usiposaini, kunatokea nini. Sasa Katiba yetu ina mambo yake. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Kwa hiyo Rais akishika kalamu hakagui kazi ya jirani, anamalizia kazi ya chombo ambacho naye ni sehemu yake. Ibara ya 97 inampa njia mbili: aukubali, au akatae na aurudishe pamoja na maelezo ya sababu zake. Ukirudishwa haupelekwi tena kwake mpaka miezi sita ipite, isipokuwa kama umeungwa mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wote. Wakiipata hiyo theluthi mbili na kumpelekea kabla miezi sita haijaisha, ana siku 21 za kuukubali. La sivyo, alivunje Bunge.

Halafu soma Ibara ya 37. Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, ila pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Kwa maneno mengine mshauri anaanza kazi akiwa ameshaambiwa kwamba anaweza kupuuzwa, na asinune.

Dogo anataka upande mmoja. Mimi nilikuwa naelekea kumwambia "saini, halafu rekebisheni baadaye". Sijaridhika. Leteni nyama.

#2 ReliYaKati (Tabora)

Nimeshakata tiketi, behewa la tatu, siti ya dirishani. Mzee tiririka.

Ila hao watoto wa Tabora wanajadili uvuvi wa nini wakati huku maji tunayaona kwenye ndoo? Wangepewa muswada wa tumbaku au asali.

#3 KijanaWaMwanga (Kigoma mjini)

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, mnampotezea dogo muda.

2011 ulipita muswada wa mabadiliko ya Katiba, watu wakaomba usisainiwe, ukasainiwa. 2013 ukaja wa kuufanyia marekebisho, vyama vitatu vya upinzani vikaungana kumwomba Rais asisaini, ukasainiwa. 2015 makosa ya mtandao, kelele mpaka nje ya nchi, ukasainiwa. 2016 huduma za habari, ulipita Bungeni Novemba na Novemba hiyohiyo ukawa sheria. Mshauri alikuwa wapi siku zote hizo? Anapanga mafaili?

Mwambie dogo aandike "asaini" akalale. Ndiyo jibu la historia.

#4 WakiliGungu

KijanaWaMwanga, tarehe zako ziko sawa ila umeikata hadithi ya 2011 katikati. Rais Kikwete alisaini Novemba. Viongozi wa CHADEMA walikuwa wameshaomba kuonana naye, wakaenda Ikulu, wakazungumza. Februari 2012 sheria ileile ikarudi Bungeni ikafanyiwa marekebisho. Na 2013 baada ya saini viongozi wa upinzani walikaribishwa Ikulu vilevile. Kelele zilisikika, ila mlango uliofunguliwa ulikuwa wa nyuma, baada ya wino kukauka. Mtu anaweza kuuita uungwana au kuuita ujanja. Kwa mshauri ni kumbukumbu ya jalada: kuna njia ya kusaini na kurekebisha, na imeshapitiwa.

Mzee nikuongezee kwenye 97. Watu wakisoma "alivunje Bunge" wanadhani ni rungu la Rais. Someni Ibara ya 38. Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi. Anayewarudisha wabunge majimboni anafunga na virago vyake mwenyewe. Ndiyo maana hiyo njia inakaa kwenye Katiba kama panga la ukutani.

Kingine ambacho dogo akikitaja atapigiwa makofi: kwa mara ya kwanza muswada unapofika kwa Rais, Ibara ya 97 haikumwekea siku. Hizo 21 ni za mara ya pili tu.

#5 MkenyaKasulu

Mimi ni Mkenya, niko Kasulu kikazi mwaka wa tatu, mnivumilie.

Kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 115, inampa Rais siku 14. Atie saini, au aurudishe Bungeni akiandika anachokikataa. Asipofanya lolote siku zikapita, mswada unageuka sheria wenyewe. Kuukalia haiwezekani.

Ule Mswada wa Fedha wa 2024 nadhani nyote mliufuata. Juni 25 wabunge waliupitisha, 195 kwa 106, na mchana huohuo vijana wakaingia majengo ya Bunge. Watu walikufa. Kesho yake, Juni 26, Rais Ruto akasema hatausaini. Na waraka aliourudisha nao ulipendekeza vifungu vyote vifutwe, kimoja baada ya kingine. Serikali ilikuwa inategemea kukusanya shilingi bilioni 346 kupitia mswada huo.

Kwa hiyo KijanaWaMwanga, rais wa kukataa yupo, jirani tu hapo. Lakini angalia alikataa mswada wa nani. Ulikuwa wake mwenyewe! Uliandikwa na Hazina yake na kupitishwa na wabunge wa mrengo wake. Wale waliosimama mbele ya kamera siku moja kabla kuutetea walibaki hawana pa kuweka uso.

Mfano wa pili hausemwi sana. Agosti 2016 Rais Kenyatta alitia saini sheria ya kuweka kikomo cha riba za benki. Benki Kuu na Hazina hawakuitaka, yeye akaitia saini kwa sababu wananchi walikuwa wamechoka na riba. Miaka mitatu baadaye, 2019, akarudisha Mswada wa Fedha akitaka kikomo hichohicho kiondolewe, kwa kuwa benki zilikuwa zimebana mikopo kwa wafanyabiashara wadogo. Wabunge hawakuweza kumzuia, Novemba kikomo kikaondoka. Ni kalamu ileile.

#6 KijanaWaMwanga

Mkuu hapo kwenye Ruto nakupa. Ila alisubiri watu wafe. Mshauri gani anangoja moshi?

#7 MamaMawese (Kibirizi)

Habari zenu. Nauza mawese na dagaa hapa Kibirizi, kaka zangu wawili wako majini. Nimesoma mambo ya ibara yote, asanteni, ila hakuna aliyeuliza hicho kifaa kinachajiwa na nini. Kipe kinatoka saa kumi na moja jioni, kinarudi asubuhi. Taa za kuvutia dagaa tu zinagombaniwa betri.

Maboya ya kuvaa siyapingi. Atakayeyapinga aje aongee na mama yangu. Mwaka upepo ulipopiga tulikaa pwani siku tatu tukimngoja mdogo wake, hakurudi. Hao wajane wa kwenye karatasi ya mwalimu mimi nawajua kwa majina.

Lakini kukamata bila hati, hapana. Kaka yangu aliwahi kushikwa mwaloni, siutaji upi, kwa wavu ambao baadaye walisema wenyewe ni halali. Alilala ndani siku mbili. Walipomtoa walimpa wavu wake na pole. Ilikuwa giza zuri la dagaa, zile siku ambazo mwezi haupo, na vijana wake wanne wa kipe walikaa nyumbani. Nani aliwalipa? Hakuna hata fomu ya kuomba.

Na muda. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi 2024, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, tuliumia, lakini kila mtu alijua siku ya kufunga na siku ya kufungua. Huo muswada wenu unaanza lini? Rais akisaini Jumatatu, Jumanne kaka yangu ni mhalifu?

#8 MwalimuIsevya (Tabora)

Nilifundisha historia miaka mingi, sasa nafuga kuku Isevya. Mzee wa Ujiji, huyo mwalimu wa mjukuu wako angekuwa jirani ningempelekea jogoo.

ReliYaKati anauliza Tabora inahusikaje. Kijana, swali la kukubali sheria mbaya au kuikataa lilishajadiliwa hapahapa, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU. Wakoloni walileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, asipochagua wote watatu kura yake haihesabiwi. Na kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo, ambayo Waafrika wengi hawakuyafikia. Nchi ya watu milioni kadhaa inagawanywa viti sawa kwa sawa na jamii za watu wachache. Tusi la wazi.

Wajumbe wengi walikuja Tabora wakiwa na jibu moja, tususie. Nyerere ndiye aliyesimama kuwashawishi waingie. Hakuwaambia sheria ni nzuri, wangemshusha jukwaani. Hoja ilikuwa: tukisusia, viti vitajazwa na wengine, nao ndio watakaotunga sheria zinazofuata. Wakapiga kura, wakakubali kuingia. Zuberi Mtemvu akatoka TANU akaanzisha chama chake cha Congress. Uchaguzi ukafanyika 1958 na 1959, walioungwa mkono na TANU wakashinda, wakiwemo Wazungu na Waasia waliokuwa upande wake. Ndiyo maana ule uamuzi ukaitwa wa busara. Ungekwenda vibaya sijui tungeuitaje.

Lakini angalieni kilichomo. Waliokubali pale walikuwa na mahali pa kufika. Mshauri anayesema "saini tu" bila kuonyesha unafika wapi hajashauri kitu.

Mfano wa pili ni wa mbali kidogo. Februari 1791, Marekani, Rais George Washington aliletewa muswada wa kuanzisha benki ya taifa. Katiba yao ilimpa siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Akamuuliza mwanasheria wake mkuu, Randolph: usisaini, Katiba haituruhusu. Akamuuliza Jefferson, waziri wake wa mambo ya nje: usisaini. Akamwomba hata Madison, mbunge aliyeupinga, amwandalie maneno ya kukataa, ayaweke tayari mfukoni. Halafu akafanya jambo ambalo nikiwa darasani nilikuwa nasimama kulieleza. Alichukua zile hoja za wapingaji akampelekea Hamilton, waziri wa fedha na mwenye muswada wake, akamwambia ajibu. Hamilton akajibu kwa maandishi marefu tarehe 23. Tarehe 25 Washington akasaini.

Na kwenye maoni ya Jefferson, aliyekuwa mpinzani, mwishoni kuna kipengele cha kiungwana. Anamwambia Rais: kama baada ya kusoma yote bado unaona mizani iko sawasawa, heshima kwa Bunge ikuelekeze kuukubali. Mtu anapinga, halafu anampa mkubwa wake njia ya kutomfuata. Washauri wa namna hiyo ni wachache sana. Wengi wetu tukishaandika "hapana" tunataka iwe hapana yetu.

#9 ReliYaKati (Tabora)

Mwalimu marahaba... yaani shikamoo. Nimeduwaa. Nafuta ile ya ndoo.

#10 MzeeDokezo (Ujiji)

Umeme umerudi, nimehamia kwenye kompyuta ya kijana.

Mwalimu, hiyo ya kumpelekea Hamilton hoja za wapinzani ni kazi ya masijala kabisa. Jalada linazunguka, kila mtu anaona mwenzake ameandika nini kabla halijafika juu. Kinachouma ni pale jalada linapopita kwa watu wanaokubaliana tu.

Sasa nimjibu MkenyaKasulu, maana amegusa penyewe. Watu wanazungumza kana kwamba muswada unaanguka mezani kwa Rais kutoka mawinguni. Miswada mingi ni ya Serikali. Waziri anaandaa waraka, unakwenda Baraza la Mawaziri, na mwenyekiti wa Baraza ni Rais mwenyewe. Likiridhia, waandishi wa sheria wanaandika, unachapwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, wadau wanaitwa, unasomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, kisha unakwenda kwa Rais. Kwa hiyo siku unapofika, Rais anakutana na muswada ambao alishauona. Akikataa anakuwa anajikataa, kama ilivyokuwa Nairobi.

Basi swali la kwanza la mshauri ni hili: tangu Baraza liliporidhia, nini kimebadilika? Na jibu liko kwenye jedwali la marekebisho. Hayo ndiyo makaratasi yanayogawiwa Bungeni dakika za mwisho, kifungu kimeongezwa, neno "atafanya" limekuwa "anaweza kufanya", adhabu imepanda. Nimeona watu wazima wanasoma muswada wote kurasa 60 wakaacha jedwali kurasa tatu. Mimi ningeanza na jedwali, hasa muswada ukiwa umekwenda kwa hati ya dharura. Zile sheria za maliasili za Julai 2017 zilikwenda hivyo. Uzipende au usizipende, muda wa kuzitafuna ulikuwa mfupi.

Halafu naangalia vifungu vya mwisho, vile vinavyompa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni. Hapo ndipo swali la MamaMawese linajibiwa. Kifaa gani, cha bei gani, kinachajiwa na nini, yote yatakuwa kwenye kanuni, ambazo hakuna mbunge aliyeziona siku alipopiga kura ya ndiyo.

Na lini inaanza? Dada yangu Mama, hapo kuna nafasi. Sheria nyingi zinasema itaanza tarehe ambayo Waziri ataitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Rais anaweza kusaini leo na isianze mpaka mwakani. Ndiyo maana nilikuwa naelekea "saini". Asaini, tarehe isogezwe, kifungu cha kukamata kirekebishwe kwenye muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali mkutano unaofuata. Kila mtu anabaki na heshima yake.

#11 KijanaWaMwanga

Mzee hapo ndipo mnapotupoteza. "Itarekebishwa." Tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, ilimaliza kazi 1992 ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Mojawapo ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962! Miaka 30 ilikuwa inakaa tu, na aliyeisaini hakuwa mtu mbaya, ni Nyerere huyohuyo wa busara ya Tabora. Nina hakika naye kuna mshauri alimwambia ni ya muda, nchi bado changa.

Sheria ya ndoa ya 1971 nayo. Mahakama Kuu ilisema 2016 vile vifungu vya umri wa binti vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikasema hivyohivyo 2019. Mabinti wangapi wameolewa na miaka 15 tangu 1971 kwa kifungu kilichosainiwa siku moja?

#12 WakiliGungu

Kijana leo umeamka vizuri.

Nisaidie upande wake, Mzee. Kuna kitu umekiruka kwenye 97 yako. Ile theluthi mbili kila mtu anaisoma kama kitisho cha Bunge kwa Rais. Igeuze. Rais mwenye wabunge wengi kupita theluthi mbili akirudisha muswada na sababu moja, wabunge wake wanaurekebisha, wanauunga mkono kwa theluthi mbili, unampelekea kabla ya miezi sita. Anasaini. Hakuna wa kuvunja wala kuvunjwa. Kurudisha kunaweza kuwa njia fupi kuliko kusaini na kungojea "mkutano unaofuata" ambao kila mwaka una bajeti, una maswali, una mengine.

Kinachozuia ni aibu ya Waziri, Katiba haina shida hapo. Na aibu ya Waziri mshauri hapaswi kuipa aya nzima.

#13 MamaMawese (Kibirizi)

Mzee nikuulize kwa adabu. Kifaa kikiwa ghali, Serikali ikikosea, inaweza kurudisha hela au kusamehe faini. Zile siku mbili za kaka yangu wangezirudishaje?

#14 MzeeDokezo (Ujiji)

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hiyo #13.

Nakiri nilikuwa naiangalia kama mtu wa ofisini. Kwetu kila kosa lina marekebisho: unaandika barua nyingine, unafuta ya zamani kwa kalamu nyekundu. Kifungu cha fedha kinavumilia hilo. Kifungu cha kumfunga mtu mlango hakivumilii. Kama ubaya wa muswada uko kwenye pesa, namwambia mkubwa asaini na tarehe isogezwe. Kama uko kwenye mwili wa mtu, namwambia aurudishe, hata Waziri akininunia mwaka mzima.

Nimemwandikia kijana. Nawawekea hapa, mkate mnavyotaka. Ni ukurasa mmoja kama mwalimu alivyosema.

DOKEZO SABILI

Kwa: Mheshimiwa Rais
Yah: Muswada wa Sheria ya Usalama wa Vyombo vya Uvuvi

1. Muswada umepitishwa na Bunge na umeletwa kwako kwa ajili ya kibali chini ya Ibara ya 97. Baraza la Mawaziri liliridhia majaketi okozi na kifaa cha kuonyesha chombo kilipo. Kifungo cha miezi sita na mamlaka ya kukamata bila hati viliongezwa kwa jedwali la marekebisho.

2. Wanaoutaka ni familia za wavuvi waliozama. Madai yao ni ya kweli na yanatimizwa na majaketi okozi peke yake. Wanaoupinga ni wavuvi. Hawapingi majaketi.

3. Ukisaini: sheria itaanza siku Waziri atakayotangaza. Gharama ya kifaa inaweza kushughulikiwa kwenye kanuni. Mamlaka ya kukamata bila hati yataanza pamoja na mengine yote, na mtu atakayekamatwa kimakosa hana pa kudai siku zake.

4. Ukiurudisha: utatakiwa kutoa sababu. Bunge likiondoa vifungu hivyo viwili na kuunga mkono kwa theluthi mbili ya wabunge wote, utaletewa tena bila kungoja miezi sita. Waziri mwenye muswada ataulizwa maswali. Msimu mmoja wa pepo unaweza kupita bila sheria; katika muda huo Wizara inaweza kuhimiza majaketi kwa njia nyingine.

5. Nashauri uurudishe, sababu iwe vifungu hivyo viwili tu, na barua iseme wazi kwamba mengine yote unayakubali.

6. Nawasilisha.

#15 MwalimuIsevya (Tabora)

Aya ya 4 imenipendeza, umekiri gharama ya ushauri wako mwenyewe. Ningeomba neno moja kwenye aya ya 2. "Peke yake" ni zito mno. Kipe kikipotea usiku, kile kifaa ndicho kingeelekeza boti ya uokoaji. Ukilificha hilo, Hamilton wa upande wa pili atalileta na dokezo lako litaonekana limechagua.

#16 MzeeDokezo (Ujiji)

Umenishika, Mwalimu. Nimebadilisha: "yanatimizwa kwa sehemu kubwa na majaketi okozi, kifaa kitasaidia utafutaji, kikipatikana kwa bei ambayo wavuvi wanaimudu."

#17 MamaMawese (Kibirizi)

Faini umeiacha?

#18 MzeeDokezo (Ujiji)

Nimeiacha, Mama. Boya la kuvaa mtu asipovaa alipe.

#19 MamaMawese (Kibirizi)

Sawa. Hapo hata mimi nitamshikia kaka yangu mkono alipe.

#20 ReliYaKati (Tabora)

Jumamosi nitapita hapo shuleni, nitawaletea matokeo kabla treni haijafika Kaliua.

#21 MzeeDokezo (Ujiji)

Wakuu, kuna jipya. Kijana kapiga simu sasa hivi. Wamepiga kura ya kugawana pande, yeye kaangukia upande wa "asaini". Anauliza kama naweza kumwandikia dokezo jingine kabla ya kesho jioni.

Nimemwambia achukue hilohilo, aandike upya aya ya 5 kwa akili yake. Aya nne za mwanzo aziache kama zilivyo.